Simu Ilisema Basi

Kila asubuhi kabla ya shule, Laurette alimsaidia mama yake kuanika ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni Uvira. Siku hiyo alikuwa na kitu kipya kimebandikwa mkononi: kidude cha duara, ukubwa wa kizibo cha soda. Miezi mitatu nyuma, askari wa mwili wake, wale wanaopigana na magonjwa, walidhani kongosho yake mwenyewe ni adui, wakaishambulia. Tangu hapo anaishi kwa sindano za insulini. Kidude kilipima sukari mwilini na kutuma habari kwenye simu.

Jana yake, muuguzi Generose alikuwa ameeleza yote kwa Kifaransa, haraka haraka. "Mumeelewa?" Laurette akaitika kwa adabu, mama yake vilevile. Kusema kweli, hawakuambulia kitu.

Sindano alishajichoma, ila chai na kiazi kitamu vilisubiri kazi iishe. Ghafla jasho likamtoka. Ndagala zikawa mbili mbili. Safu hii ameshaianika, au bado? Hakujua, na akaogopa. Simu ikalia, ikaandika: BAS.

"Basi," alisoma. Basi nini? Labda sukari imetosha. Akasukuma kiazi kando.

"Laurette, weye uko na nini?" mama aliuliza.

"Simu inasema basi, Mama. Nisikule."

Mama akaondoa na chai.

Ornella, jirani wa darasa la sita, alikuwa amempitia waende shule. Akachungulia simu, akapiga kelele. "Haiko basi! Iko Kifaransa, 'ba'! Ile S hawaisomake. Sukari iko chini! Mumupatie sukari mbiyo!"

Mama alikoroga sukari kwenye ile chai. Laurette akanywa kidogo kidogo. Baada ya robo saa, ndagala zikarudi kuwa moja moja, naye akalia.

Mchana walirudi kwa muuguzi. "Jana nilidanganya," Laurette alisema. "Sikuelewa."

"Na minye pia," mama akanong'ona.

Generose akajibu: "Minye pia nilikosea, niliwasemesha luga haiko yenu. Lakini shika hili, binti yangu: kidude kinapima sukari, hakipimi kama umeelewa. Hiyo unaijua weye peke yako. Usipoelewa, sema, hata kama watu watacheka."

Akaeleza tena, kwa Kiswahili. "Umeelewa?"

Laurette aliwaza. "Hapana, Mama Generose. Ule mshale wa kwenye simu, kando ya namba, sijauelewa."

Muuguzi akatabasamu, akavuta kiti. "Basi," akasema, "tuanze upya."