Basi la Wabwile Lilivyoacha Kuinama

"Basi linainama, Baba Khisa. Wageni wangu hawapandi humo."

"Haliinami, Mama Nyambu. Ni wewe umesimama kwa mteremko."

"Ati mimi? Nimesimama hapa miaka kumi na sijawahi kuona lango lako likiinama."

Majirani walikuwa wametoka nje kusikiliza. Hapa Kitale, ugomvi wa langoni ni wa wote.

Wacuka, mama yake Nyambu, huuza viazi sokoni. Jumamosi binti yake angeolewa Kanduyi, kule Bungoma. Basi la jirani yake Wabwile, huyo Baba Khisa, ndilo lingebeba ukoo. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Natafuta basi lingine," Wacuka alisema.

Wabwile aligeuka kulitazama basi. Basi hilo ndilo kazi yake pekee. Mtaa ukisikia harusi ya jirani imelikataa, nani angelipanda tena?

Nekoye, mke wa Wabwile, alichoka kungoja. "Mwambie juu ya ile blada."

Ikabidi Wabwile aeleze. Siku za soko, wafanyabiashara wa Chwele hupakia vitunguu nyuma, upande wa kushoto. Upande huo ulianza kushuka. Hata magunia yakitolewa, haukupanda. Akaingia chini, akafunga kitu fulani kwa blada, mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Upande ukapanda. Ukapanda, ukazidi.

Nekoye akampigia simu Jelagat, fundi wa mabasi karibu na steji. Watu humsifu sana huyo mama. Eti husikia ugonjwa wa gari kabla dereva hajazima injini. Alifika kwa bodaboda, sanduku la spana mapajani.

Alizunguka basi mara moja bila kuligusa.

"Si hapa," alisema. "Ukipima hapa, unapima mlima. Twende mahali pa sawa."

Walilipeleka kwenye uwanja wa saruji wa kanisa. Majirani wakafuata kama wanaenda harambee. Jelagat alitoa mizigo yote. Akazuia magurudumu kwa vipande vya mbao. Akaacha injini ingurume mpaka mshale wa kipimo cha hewa ukatulia.

Wabwile akalala chini, akaanza kuingia chini ya basi. Jelagat akamshika mguu.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Kukuonyesha blada."

"Basi hili limekalia hewa. Hewa ikitoka, litakukalia wewe. Stendi za chuma kwanza."

"Mwache aingie," Nekoye alisema. "Harusi na matanga tufanye pamoja, tupike mara moja."

Watu wakacheka. Wabwile akatoka.

Jelagat alipanga stendi chini ya chasisi, akaacha nafasi ndogo ya basi kushuka. Kisha akamwita Wabwile aone.

"Huu mfuko wa mpira ndio baluni. Ndani ni hewa. Hii ni vali, mlango wa hewa, na huu ni mkono wake. Fimbo hii inaunganisha mkono na ekseli. Mzigo ukishusha basi, fimbo inasukuma mkono, hewa inaingia. Basi likizidi kupanda, mkono unashuka, hewa inatoka. Wewe umefunga mkono juu. Vali inadhani basi liko chini siku zote."

"Sasa mbona lilishuka mwanzo?"

Jelagat akatikisa fimbo. Ilicheza. "Raba ya hapa imekwisha. Vali haipati habari. Si vitunguu, bana."

Alikata blada akiwa pembeni. Hewa ikatoka, upande ukashuka polepole. Akaweka raba mpya. Akapima kutoka ekseli hadi chasisi, akalinganisha na kitabu cha basi. Kimo kilikuwa pungufu kwa sentimita mbili. Akalegeza nati, akarefusha fimbo kidogo, akakaza. Akatoa hewa, akajaza, akapima tena. Halafu tena. Hakuwa na haraka, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Akapaka mipira ya hewa maji ya sabuni. Hakuna povu lililotokea; hewa haikuvuja popote. Mwisho akafungua kizibo cha tangi la hewa. Yakamwagika maji ya kahawia.

"Haya huua vali. Yatoe kila asubuhi. Na fimbo usiifunge tena na kitu."

"Nimesikia, fundi," Wabwile alisema.

Stendi zikaondolewa, lakini Wacuka hakuridhika. Aliita kamati yake ya harusi, akina mama ishirini wenye afya zao. "Ingieni. Wote kaeni kushoto."

Basi likalala upande. Wabwile akashika kichwa. Kisha ikasikika sauti ya hewa, psss, na upande wa kushoto ukaanza kupanda. Ukafika sawa na wa kulia, ukasimama. Akina mama wakashuka. Basi likapanda kidogo, likapumua, likarudi pale pale.

Wacuka alirudi nyuma hatua tano, akalitazama kwa jicho moja.

"Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Baba Khisa. Usichelewe."

Jelagat alikuwa ameshafunga sanduku, anatafuta bodaboda. Wacuka akalichukua sanduku kutoka mkononi mwa fundi.

"Na wewe unaenda wapi? Mukimo wa viazi na mahindi uko tayari, na maji ya kunawa yapo. Twende nyumbani ule."