Mche Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bi Kimya alikuwa na kazi moja: kugeuza majani. Shangazi yake alikuwa na vitalu nyumba viwili nyuma ya nyumba, vyenye mapaa ya nailoni nyeupe, na ndani yake alikuza ua moja tu, impeshensi, lile ua la kivulini ambalo watu hulipanda vibarazani. Fundi wa maji, aliyemsaidia shangazi kumwagilia, aliliita Hanasubira, kwa sababu vifuko vyake vya mbegu ukivigusa tu vinapasuka. Ndiye huyohuyo aliyembandika msichana jina la Bi Kimya. "Mwezi mzima uko hapa," alimwambia, "na maneno yako yote yanaenea kiganjani."

Hakuzaliwa na mdomo mzito. Mama yake alikwenda kufanya kazi mbali, akamwacha kwa bibi. Bibi alipougua, akapelekwa kwa mjomba. Nyumba ya mjomba ilipojaa, akaletwa kwa shangazi. Shule tatu ndani ya miaka miwili. Mtu akishazoea kuaga, hata kusalimia humchosha. Darasani kiti cha pembeni yake kilikaliwa na begi lake. Mama alipiga simu kila Jumapili, na mtandao ulikatika kabla hajamaliza kuuliza kama amekula. Shangazi naye alikuwa mtu mwema, lakini wa kazi; akitoka kitaluni jioni alikuwa amebakiwa na maneno mawili tu: kula, lala.

Sasa, maradhi makubwa ya ua hili ni ubwiri, ukungu mweupe kama unga. Hauonekani juu ya jani; hujificha chini yake. Kwa hiyo ni lazima uinue jani na kuchungulia. Jumatatu moja Bi Kimya aliinua jani katika kitalu cha kwanza, akauona, akamwita shangazi.

"Trei hii yote ya miche nje," shangazi alisema. "Itie kwenye mfuko, ufunge, ukaufukie. Usiuonee huruma hata mche mmoja."

Bi Kimya aling'oa mche baada ya mche. Mmoja ulikuwa umechanua ua la waridi, na jani lake moja tu ndilo lililoanza kuwa la manjano. Aliutazama. Nao unatolewa, aliwaza, kama mimi. Akalichuma lile jani, akaupanda mche kwenye kopo, akauficha ndani ya kitalu cha pili, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kupita.

Hapo ndipo alipoharibu. Huruma ni kitu kizuri, jamani, lakini ina pa kuwekwa. Kila alasiri alitoka shule moja kwa moja hadi nyuma ya tangi, akauhadithia mche habari zake: wasichana walioruka kamba bila kumwita, mwalimu wa hesabu, mama. Kwa siku tisa alikuwa na wa kuzungumza naye, na hata majani yalipoanza kudondoka hakutaka kuchungulia chini yake.

Siku ya kumi alimkuta shangazi katika kitalu cha pili, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jani mkononi. Chini ya jani palikuwa na unga mweupe.

"Miche elfu mbili," shangazi alisema. "Kesho Alhamisi lori linakuja kuichukua. Jasho la msimu mzima." Akamgeukia fundi wa maji. "Umetoka kitalu cha kwanza ukaingia huku bila kunawa mikono."

"Dada, nimenawa. Nimenawa mpaka ngozi inataka kutoka."

"Basi ubwiri umeingiaje huku?"

Fundi akatazama mikono yake. Shangazi akashusha pumzi. "Kama sijui ulikoanzia, siwezi kujua umefika wapi. Na siwezi kumuuzia mtu ugonjwa. Itafukiwa yote."

Bi Kimya alikuwa amesimama mlangoni, begi mgongoni. Akisema, atapelekwa kwingine. Hilo hakuwa na shaka nalo, na safari hii hakujua hata ni kwa nani. Asiposema, miche elfu mbili itafukiwa, na fundi atabeba mzigo usio wake.

"Shangazi, si yeye," alisema. "Ni mimi. Umeanzia nyuma ya tangi."

Akawaonyesha. Mche ulikuwa umepukutika, na majani machache yaliyobaki yalikuwa meupe pepepe upande wa chini. Shangazi aliutazama, kisha akamtazama mtoto. "Kwa nini?"

"Sikuwa na mtu wa kuongea naye." Machozi yalimtoka. "Usinipeleke kwa mtu mwingine. Nitafanya kazi zote."

Shangazi alipima hatua kutoka kwenye tangi, akihesabu trei. "Hizi kumi na mbili zilizo karibu zinatoka. Zilizobaki tunazipulizia dawa na kuzikagua jani kwa jani. Mteja nitampigia nimweleze ukweli, asubiri wiki moja. Na wewe fundi, nimekukosea. Niwie radhi."

"Yamekwisha, Dada," fundi alisema. "Ila leo Bi Kimya kaishinda redio."

Bi Kimya aliung'oa mche wake kwa mikono yake, akautia kwenye mfuko, akaufunga. Alilia, na hakuna aliyemcheka. Kwa siku saba walikagua majani wote watatu, asubuhi na jioni. Unga haukuonekana tena. Lori lilikuja, likaondoka na trei zote isipokuwa zile kumi na mbili.

Alasiri hiyo shangazi alimwita jikoni, akamimina vikombe viwili vya chai.

"Ulinificha siku tisa, na hilo ni kosa," alisema. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Ungesema mapema, ningepoteza mche mmoja. Lakini upweke nao ni maradhi, mwanangu. Ukikushika, sema. Mimi si mtu wa maneno mengi, ila masikio ninayo. Na hupelekwi popote. Hapa ni kwenu."

Akamsogezea kikombe. "Haya, nipe habari."

Bi Kimya hakujua aanzie wapi. Kwa hiyo alianzia mwanzo kabisa, siku ile mama alipofunga mizigo, na shangazi hakuinuka mpaka alipomaliza.