Mgeni wa Barafuni

Bimkubwa alianza kumshuku mumewe kwa sababu ya kikombe. Abdulsamad, mtu ambaye katika ndoa yao yote hajapata kujimiminia hata maji, sasa kila alasiri alikuwa anatia chai vikombe viwili, anakwenda navyo sebuleni, anazungumza kwa sauti ya chini, na mkewe akitokeza tu jikoni, ananyamaza. Na kikombe cha pili hakikuwa cha mkewe.

"Unazungumza na nani, Baba Nahla?"

"Na nafsi yangu."

"Na nafsi yako siku hizi inakunywa chai?"

Akavichukua vikombe vyake, akaenda zake. Haya, mwanamke gani ataona hivyo asimfikirie mwanamke mwenzake? Bimkubwa alimfikiria, tena sana. Walikuwa wametoka safarini Alaska, zawadi ya binti yao Nahla anayefanya kazi za kompyuta kule Herndon. Kawalipia meli ya watalii, ghorofa juu ya ghorofa, inayopita polepole ufukweni mwa milima ya theluji hadi pale barafu inapomeguka na kuanguka baharini kwa kishindo. Na meli ile, bibi wee, ilijaa wajane wa Kizungu wenye meno mazuri.

Basi mume alipoingia kuoga, mke akaipekua simu. Mjane hakumwona. Aliona picha za barafu, za bahari ya rangi ya chuma, na zao wenyewe wamejifunga mashali hadi puani. Lakini katika picha za siku za mwisho, kila penye benchi, Abdulsamad alikuwa amekaa ukingoni kabisa, amejibana, kama mtu anayempisha mwenziwe. Na kati yake na mkewe palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mzima.

Akampigia Nahla.

"Mama, relax," Nahla akasema. "Baba amemiss tu ile baridi."

Baridi ipi ya kumiss? Ilikuwa Agosti, huko nje, mtaani kwao Adelphi, watu wanatokwa jasho hadi kope, lakini ndani ya fleti yao pumzi ilikuwa inaonekana. AC aliizima Bimkubwa kwa mkono wake. Mto wa kochi, upande wasiokaa watu, ulikuwa umelowa chapa. Na kulikuwa na harufu, ya chumvi na ya kitu kilichosahauliwa muda mrefu ndani ya friza. Alipomshika mumewe mkono, aliuachia upesi. Kucha zilikuwa za buluu.

Siku ya pili yake alijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, akachungulia. Abdulsamad aliweka kikombe mbele ya mto ule uliolowa, akasema kwa upole, "Ongeza sukari, sheikh, usione haya," na Bimkubwa, ambaye mpaka hapo alikuwa bado anamwomba Mungu iwe ni mwanamke, mwanamke yeyote, hata huyo mwenye meno, akakiona kijiko kinazunguka peke yake ndani ya kikombe, polepole, kinakwaruza, mpaka chai ikaacha kutoa moshi, ikaanza kuganda pembeni, na kijiko kikasimama wima katikati, na sauti ikatoka pale pasipo na mtu, sauti ya barafu inayopasuka ndani ya maji ya moto, ikasema, "Ahsante."

Alipiga ukelele, akatoka mbio akamkamata mumewe shati.

"Nani huyo? Umeniletea nini ndani?"

"Taratibu, Mama Nahla, atasikia." Abdulsamad alinong'ona, macho chini. "Kule melini, ulikwenda chumbani kuchukua shali. Nikafungua visheti vyako, nakula pale kwenye vyuma vya ukingoni. Upande wa barafu mtu akakohoa. Nikamwambia karibu."

"Nani alikuwa anapita kwenye barafu, we mwanamme?"

"Sikuuliza. Mtu unakula, mwenzio akatokea, usimwambie karibu? Akasema ahsante, nimekaribia. Kwa Kiswahili safi." Akakitazama kikombe. "Anasema meli zote zile zinapita, watu wanampiga picha tu. Hakuna aliyepata kumkaribisha. Namwonea huruma."

"Wewe unamwonea huruma, na yeye je? Chai haigusi! Anakunywa joto lako!"

Bi Sikujua aliletwa kutoka Oxon Hill, mji wa jirani, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, mtoa majini anayejulikana kwa kombe na udi. Alipovuka kizingiti tu, kaa la udi chetezoni mwake likazimika. Akasonya.

"Jini aliyejipachika namtoa mchana huu huu," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu kakaribishwa. Mgeni wa watu simtoi mimi. Amuage aliyemwita."

"Nimfukuze mgeni?" Abdulsamad alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa mikavu na myeupe. "Siwezi. Sikulelewa hivyo."

Hapo Bimkubwa akalia, akalia kweli, mbele ya mgeni anayeonekana na asiyeonekana. "Basi nikae eda kwa sababu ya adabu zako? Nimwambie nini Nahla, babako kafa kwa ustaarabu? Nakupenda, we mzee, nakutaka hai!"

Abdulsamad aliitazama mikono yake. Alijaribu kukunja vidole, vikakataa. Akainuka kwa kushika kochi, akaufungua mlango, na kwa sauti ya kutetemeka akasema, "Sheikh, tumefurahi nawe. Sasa sisi tuna udhuru. Nenda salama."

Mto ule uliolowa ukainuka taratibu, kama unavyoinuka mtu akiondoka. Baridi ikampita Bimkubwa shavuni, ikapita kwa Bi Sikujua aliyekuwa anasoma dua bila kutoa sauti, ikatoka, na nyayo za maji zikaanza kuonekana ngazini, moja baada ya moja, zinashuka, na nyuma yake joto la Agosti likamiminika ndani ya nyumba, na kaa la chetezoni likawaka lenyewe, na kucha za Abdulsamad zikarudi rangi ya watu, na Bimkubwa akazibusu, kidole kwa kidole, anacheka na machozi yanamtoka.

Abdulsamad naye alikuwa analia. Alisimama mlangoni, mkono kifuani, anaangalia ngazi. Na kwa vile yeye ni mtu wa watu, na mgeni akiondoka huagwa vizuri, akapaza sauti:

"Karibu tena!"

Hatua zikasimama. Bi Sikujua akageuka polepole, akamkodolea macho.

Kisha huko chini ngazini mtu akakohoa, na hatua zikaanza kupanda.