Ujumbe Uliotoka Karibu

"Niko kilimani, mpenzi. Betri nimeshafunga. Bondeni kimya kwa sababu wako salama. Usilie."

Nesi aliusoma ujumbe huo kwenye redio ndogo ya kuandikiana pale zahanati, akashusha pumzi. Mafuriko yalikuwa yameua mitandao ya simu tangu alfajiri, na baba yake alikuwa huko bondeni, na redio kama hiyo mfukoni. Redio hizi hupokezana ujumbe, hii inaipa ile, mpaka ufike. Ya kilimani ikizimika, bonde lote limekatika. Fundi, mchumba wake, ndiye aliyeondoka asubuhi na betri mpya begani kwenda kuiwasha.

Kisha macho yake yakashuka chini ya ujumbe.

"Umepitia redio: 0."

Kutoka kilimani, ujumbe hauna njia ila kupitia redio ya tangi la maji, kisha ya paa la shule. Sifuri maana yake mtumaji yuko hapa hapa jirani. Na Fundi mwenyewe ndiye aliyewafundisha kuisoma namba hiyo, tena kwa madoido, chaki mkononi.

Akaandika: "Uko wapi hasa?"

"Kilimani, jamani. Nimelowa chapachapa."

Umepitia redio: 0.

Nesi akamwachia mkunga meza, akatoka na redio mkononi, akiendelea kumwandikia. Kila jibu la Fundi lilipoingia, alitazama vijiti vya mawimbi vikiongezeka kadiri alivyomkaribia. Vilijaa vyote alipofika mlangoni kwa Msusi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, msimamizi wake wa harusi. Hakubisha hodi.

Fundi alikuwa amejilaza kwenye kiti cha saluni, kifua wazi, mkavu kabisa. Betri ilikuwa sakafuni, bado ndani ya nailoni yake.

"Kumbe kilimani siku hizi kuna saluni."

"Nisikilize kwanza, mpenzi..."

"Umelowa wapi?"

Msusi alikuwa anahangaika na vifungo vya gauni. "Mwenzangu, mvua ilimkamata tu, nikamwambia—"

"Mwenzako nani? Tangu lini?"

Msusi akakosea kifungo, akaanza upya.

"Tangu lini, nauliza!"

"Tangu ulipoanza zamu za usiku," Msusi akajibu, macho chini.

Nesi alitaka kulia, lakini hasira iliwahi.

"Ungenisaliti siku nyingine yoyote, Fundi. Leo? Baba yangu yuko kule!"

"Ningepanda mvua ikipungua. Haki ya Mungu."

"Uliniambia wako salama. Ulijuaje?"

Fundi akanyoosha mkono kuchukua shati lake.

Nesi akainama, akaibeba betri.

"Nzito hiyo, niletee nikusaidie."

"Niguse uone. Nitapiga kelele mtaa mzima ujae humu."

Alipanda kilima kile akiteleza, akianguka kwa magoti, akimtukana Fundi na kumwomba Mungu kwa pumzi moja. Juu, kwenye redio ya kilimani, akafunga waya mwekundu, akafunga mweusi. Taa ya kijani ikawaka.

Dakika haikupita, redio yake ikalia. Baba yake alikuwa akituma ujumbe mmoja ule ule tangu asubuhi.

"Mwanangu, tuko juu ya paa, watu sita. Maji yamefika madirishani. Leteni boti."

Akawarushia waokoaji ujumbe huo. Wakajibu: "Tumepata. Boti linatoka."

Alikaa kwenye tope akiikumbatia redio. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, maana hakukuwa na wa kumsikia. Alimlilia baba yake, akamlilia na yule mwanaume aliyempenda kwa miaka minne.

Muda ukapita. Redio ikalia tena.

"Tumeshapanda boti, wote sita. Mwambie mkwe wangu asante sana. Kupanda kilima na mvua yote hii! Mwanangu, umepata mume."

Nesi alifuta matope kwenye kioo, akaandika polepole:

"Aliyepanda ni mimi, baba. Mume sina."