Jogoo Niliyemchagulia Dada Yangu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni viatu vyangu.

Vilikuwa kwenye mlango wa nyuma, kimoja kimeingizwa ndani ya kingine. Jamani, viatu vya mtu anayekaa nyumbani haviwekwi hivyo. Vinawekwa hivyo vya mtu anayeondoka.

Nilikuwa nimetoka bandani na mayai kumi na moja ya bluu kwenye upindo wa gauni. Nikasimama. Ndipo nikaona na mfuko wangu, umeshafungwa kamba.

Dada akatokea, anajifuta mikono kwa taulo.

"Chumba chako kesho kinaingia mashine ya kutotolesha vifaranga," akasema. "Weka mayai kwenye trei, polepole. Usije ukayavunja kwa hasira."

Sikuwa na hasira... Hata sauti sikuwa nayo.

Ngojeni niwaeleze, maana mnaweza kusema labda nilimkosea.

Dada huyu ni wangu wa tumbo moja. Mama alipougua, ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani kumgeuza kitandani. Dada alikuwa sekondari, mimi darasa la tano. Nikabaki mimi. Darasa la sita silijui hadi leo.

Mama alipofariki aliacha majike matatu na jogoo mmoja, kuku wanaotaga mayai ya bluu. Dada alikuwa ameshaolewa. Nikahamia kwake na tenga langu la kuku kichwani.

Mimi mbele za watu naona aibu. Maneno yananijia mgeni akishaondoka. Basi Dada akanipa jina, Bubu. Mwanzoni nilicheka naye. Baadaye nikaacha kucheka, lakini jina halikuacha.

Kuongea na kuku, hapo sasa nilikuwa naweza.

Miaka minne nilikuwa nawachagua. Nani atotoleshwe, nani aondolewe, nani apandishwe na nani. Yai la bluu la kweli ukilivunja, ganda ni bluu mpaka ndani. Mayai ya kahawia yamepakwa juu tu, ndani meupe. Hilo hakunifundisha mtu, nililiona jikoni nikiosha vyombo.

Na jambo ambalo wengi hawalijui ni jogoo. Watu wanahangaika na majike, wanasema jogoo hatagi. Hatagi, ndiyo. Lakini binti zake wanachukua rangi kwake.

Tulikuwa na majogoo wawili. Mmoja mjukuu wa yule wa mama, mdogo, ana upanga wa kichwani mfupi uliolala kama umekanyagwa. Tulimwita Kipara. Mwingine Dada alimleta kutoka sokoni kwa sababu ya uzuri. Mrefu, mwekundu, upanga umesimama, anatembea kama anapigwa picha. Huyo tulimwita Bwana Harusi, na mimi nilimtenga, hakuwahi kugusa jike hata mmoja. Kwao mayai ni ya kahawia.

Dada hakujua. Bandani haingii, anasema kunanuka.

Sasa akaja Mama Keki.

Huyu mama ana duka kubwa la keki. Aliona mayai yetu kwa jirani akayafuata mpaka nyumbani. Alitaka mitetea arobaini kwa ajili ya shamba lake, wote wa kutaga bluu, ajaze kikapu dirishani kila asubuhi watu wasimame kutazama. Mimi nilikuwa napeleka maji ya kunywa. Nikamsikia anauliza ni nani aliyewachagua kuku hawa, maana mtu huyo ana jicho.

Nikasimama na sinia langu. Nilijua Dada atageuka aniangalie.

"Ni mimi," Dada akasema.

Mama Keki akanitazama mimi sasa. Akauliza, na huyu binti?

"Huyo? Msichana tu wa kazi. Haongei. Tunamwonea huruma."

Glasi zikagongana kwenye sinia. Mama Keki akanipa pole.

Wiki moja baadaye ndiyo siku ya viatu.

Shemeji alijaribu kunitetea. Yeye ni fundi redio, mpole mpaka anakera. Akamwambia mkewe niachwe walau nilale siku hiyo, niondoke kesho yake. Dada akamuuliza kama anataka na yeye afungiwe mfuko. Shemeji akaubeba mfuko wangu hadi getini. Baadaye nilipoufungua nikakuta ametia mahindi ya kuku, kama kilo mbili hivi.

Pale getini Dada akaniita. Akanirudisha mpaka mbele ya banda.

"Jogoo mmoja atatosha," akasema. "Bubu, yupi ndiye wa mayai ya bluu?"

Wasomaji wangu... miaka minne nilisubiri Dada aniulize kitu kuhusu kuku. Akaniuliza siku hiyo.

Nikanyoosha kidole kwa Bwana Harusi.

Dada akafurahi. Akasema hata yeye alijua, sura yenyewe inaonyesha. Kisha akamshika Kipara miguu, akanitupia kifuani.

"Haya, chukua mume. Mtapendezana, wote hamna sura."

Akacheka peke yake. Shemeji hakucheka.

Nilipokelewa na Bibi Sindano, mama mtu mzima anayeshona nguo kwenye nyumba ya mwisho kabla ya soko. Alinipa kazi ya vifungo na chumba cha nyuma. Alikuwa na kuku watano wa mayai meupe. Nikamfungulia Kipara.

Miezi ikapita. Mabinti wa Kipara wakaanza kutaga. Yai la kwanza nilipolikuta nililivunja makusudi, nikaangalia ndani ya ganda.

Bluu.

Nilikaa chini bandani nikalia. Bibi Sindano alidhani kuku amekufa.

Kwa Dada nako mitetea ilikuwa imekua. Mama Keki alishaichukua yote arobaini, na dirishani ameshabandika tangazo. Wakaanza kutaga... nusu mayai ya kahawia, nusu rangi ya maji ya mtaroni. La bluu hata moja hakuna.

Dada akamwambia avumilie, rangi inakuja taratibu. Akamtuliza na kikapu kizima cha mayai ya bluu, na hayo alikuwa ameyalowesha kwenye rangi ya nguo, maana majike ya zamani yalikuwa yameshaacha kutaga. Mama Keki akayavunja dukani mbele ya wateja. Vidole vikawa bluu, unga ukawa bluu, na mteja mmoja akauliza kama keki itamtia rangi mdomoni.

Mitetea arobaini ikarudishwa siku hiyo hiyo, ikamwagwa uani kwa Dada, majirani wanatazama. Kuanzia hapo sokoni hakuna aliyenunua kwake hata yai la kawaida. Likionekana tu, mtu anajilamba kidole na kulisugua.

Niliposikia, nilicheka. Sitawaficha. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Laiti ingeishia hapo.

Jumamosi moja, mchana, Dada akaja kwa Bibi Sindano. Nilimwona kwa mbali, nikachukua trei ya mayai nikaifunika kwa kitambaa cha mteja. Akakaa juu ya kigoda. Amekonda. Mara ya kwanza maishani mwangu aliniita mdogo wangu.

Akasema amemfukuza Shemeji.

Nikauliza kwa macho.

"Mayai ya bluu yapo sokoni," akasema. "Kuna mtu anayauza. Yangu yametoka kahawia, ya kweli yapo sokoni. Sasa nambie, funguo za chumba cha mashine alikuwa nazo nani? Mimi na yeye. Ameyabadilisha mle ndani, ya kweli kampelekea mwanamke."

Shemeji alikuwa ameapa mpaka sauti imekauka. Dada alimwambia akikiri tu, atamsamehe. Akakataa kukiri jambo asilolifanya. Basi Dada akamwekea viatu mlangoni, kimoja ndani ya kingine. Sasa analala kwenye kibanda chake cha redio, juu ya meza.

Miguuni pangu, chini ya kitambaa, yalikuwepo mayai kumi na tisa.

Kipara akawika uani.

Dada akacheka huku machozi yanamtoka. "Bado unaye yule mumeo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wewe walau hukunidanganya," akasema. "Wewe hujui kudanganya. Una lolote la kuniambia?"



Nikatikisa kichwa kukataa.

Akainuka, akaondoka. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Juzi nilipita kwenye kibanda cha Shemeji. Alikuwa anakaza skrubu ya redio ya mtu. Aliponiona akauliza kuku hawajambo, mahindi yalitosha?

Wenzangu, mimi nilijiita mtu wa aibu, na mkanionea huruma mlipokuwa mnasoma pale juu. Lakini kidole changu hakikuona aibu siku ile. Nilitaka kumuumiza aliyenitupa, nikamuumiza aliyenibebea mfuko. Ukilipiza, huchagui nani ataangukiwa, na mimi kuchagua ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote.

Dada yangu, najua unasoma simulizi za humu kila siku ukiwa kitandani. Nimeandika kwa sababu mdomo wangu unaujua.

Shemeji hakubadilisha yai lolote. Mwanamke wa mayai ya bluu sokoni ni mimi. Siku ile uliponiuliza yupi, nilikuwa namjua, nikakuonyesha mwingine.