Nani Alilirudisha Dirisha?

"Picha hizi za hoteli yangu amezisafisha nani?" mama mwenye hoteli aliuliza.

"Mimi mwenyewe, mama," Fundi, mpiga picha, akajibu bila kupepesa macho.

Nyuma ya pazia la studio, mchumba wake alishika mdomo. Makubwa! Miezi mitatu alijaribu programu nne za kusafishia picha mbichi, yaani zinavyotoka kwenye kamera kabla hazijaguswa, mpaka akapata moja inayomfaa. Akajifunza peke yake, huku Fundi akimcheka kwamba anapoteza muda. Na ni Fundi huyu huyu aliyeahidi kwamba hoteli ikiwapa kazi, majina yao yote mawili yataandikwa. Ama kweli, asante ya punda ni mateke!

"Basi nifungulie hii ya ngazi ikiwa mbichi," mama akasema. "Siku ya kupiga niliona kwenye kamera dirisha limeungua kwa jua, weupe mtupu. Nataka kuona ulivyolirudisha. Nina kazi ya mwaka mzima, sitaki kubahatisha."

Fundi akaifungua. Dirisha jeupe pepepe! Akabofya hapa, akabofya pale, ngazi ikageuka kijani.

"Kompyuta ina... ina uchovu leo, mama."

Nyuma ya pazia, simu ya mchumba ikatetemeka. Ujumbe wa Fundi:

"Mpenzi, lile dirisha ulilifanyaje? Nijibu haraka. Usitoke huko."

Usitoke! Damu ikamchemka. Akalivuta pazia.

"Sogea."

"Mama, huyu ni msaidizi wangu tu..."

"Nimesema sogea!"

Akakaa kitini.

"Tazama, mama. Jua halikufuta kitu, limefunika tu. Nashusha ule mwanga mkali peke yake, ngazi siigusi."

Mawingu yakatokea dirishani, kisha mapaa ya majirani.

"Wewe ni nani hasa?" mama akauliza.

"Mimi ndiye niliyezisafisha zote. Na nilikuwa mchumba wake, mpaka dakika hii."

"Mpenzi, nilisema vile kwa ajili yetu!" Fundi akalalamika.

"Yetu ipi? Miaka miwili nakupenda kwa moyo wote, halafu unanificha kama ndoo ya deki! Huna hata haya?"

Mama akachukua mkoba wake.

"Binti, kesho saa tatu uje ofisini kwangu. Peke yako."

Jioni ujumbe wa Fundi ukaingia. Aliufungua haraka, maana mapenzi hayakatiki kama uzi. Lau angeliona neno samahani, pengine angelegea.

"Mpenzi, picha za harusi ya Jumamosi nani atasafisha?"

Akaandika: "Ulikuwa unatafuta mfanyakazi, Fundi. Mimi nilikuwa natafuta mume."

Akatuma, akalia, akaifungia namba yake.