Risiva ya Nicanor na Sikio la Lavender

Wazazi wenzangu wa Kibera na Kawangware hapa Nairobi, hasa nyinyi mnaoishi kama mimi katika vyumba vya mabati ambamo jirani akikohoa unadhani ni wewe, nitegeeni sikio. Habari hii ilitokea Kisumu Ndogo, humu Kibera, katika nyumba ambayo hakuna aliyedhani ina tatizo.

Nicanor alikuwa fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma kule Gatina, Kawangware. Mkewe, Sella, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, hatua chache kutoka mlangoni pao. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, Lavender, msichana wa miaka mitano ambaye kila mtu alimwita Lavi. Jumapili wakitoka kanisani walikula pamoja, kisha Nicanor akawasha runinga yao ndogo na kujinyoosha kwenye kochi. Lavi alimpanda tumboni na kumwuliza maswali mpaka usingizi ukamchukua. Runinga hiyo ilikuwa na sauti nyembamba, lakini waliizoea na iliwatosha.

Iliwatosha mpaka Nicanor alipoalikwa kutazama mpira kwa Oloo, fundi mwenzake aliyepanga katika ghorofa moja huko Gatina. Oloo alikuwa na wufa, ile spika ya mlio mzito wa besi, na spika nyingine pande zote za chumba. Mashabiki walipopiga kelele, Nicanor aligeuka nyuma akidhani wameingia ndani. Aliporudi kwake akaisikia runinga yake kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa na ndoo.

Tangu siku hiyo hakuwa na neno lingine. Alitaka risiva, yaani amplifaya, ya bei ya chini ambayo ingekusanya vyombo vyake vyote: king'amuzi, deki ya zamani ya DVD, mashine ya michezo aliyoachiwa na binamu yake, na simu. Alichoshwa na kuchomoa waya huu ili achomeke ule. Kila jioni akitoka kazini alipita kituo cha Kawangware 46 kwa Wambua, fundi wa vyombo vya umeme, akauliza maswali hadi Wambua akamzoea kama mtu wa nyumbani.

Wambua alimfundisha kwa uvumilivu. Alimwambia asidanganywe na namba kubwa za wati zilizobandikwa juu ya kifuniko, maana kibandiko mtu yeyote anaweza kuchapisha. "Geuza uangalie nyuma," alisema. "Hesabu matundu. Kila kitu chako kiwe na tundu lake, na TV irudishe sauti kwenye risiva kwa waya mmoja. Hapo umemaliza." Kisha akamwuliza nyumba yake ni ya ukubwa gani. Nicanor akasema ni futi kumi kwa kumi, ya mabati. Wambua akamwonyesha risiva ndogo, akasema hiyo itamtosha na kumzidi. Lakini macho ya Nicanor yalikuwa kwenye ile kubwa iliyokuwa juu ya rafu, na Wambua akasema akipata nyingine kama hiyo, ya mtumba na ya bei nafuu, atampigia simu.

Wakati huo mvua za masika zilikuwa zimeanza, na sikio la Lavi la kushoto likaanza kutoa usaha. Ijumaa jioni Sella alimwambia mumewe kwamba kesho yake angeenda soko la Gikomba kuchukua omena tangu alfajiri, kwa hivyo Nicanor ndiye angempeleka mtoto kliniki. Alisema sikio limeanza kunuka na Lavi analia akiguswa. Nicanor akakubali. Alikubali kwa moyo mweupe, hilo lazima niliseme, kwa sababu alimpenda mtoto wake.

Asubuhi alimbeba Lavi mgongoni. Hawajafika mbali, simu ikalia. Wambua alisema risiva imepatikana, iko mezani, na kuna mteja mwingine anakuja kuitazama. Nicanor alisimama pale njiani akipima mambo mawili. Akajiambia angefika Kawangware mara moja, aijaribu, arudi kabla kliniki haijafunga. Akapanda boda boda na mtoto wake katikati.

Ndugu zangu, kujaribu risiva si jambo la mara moja. Walichomeka king'amuzi, wakachomeka deki, simu ikakataa kushikana nayo, ikabidi waanze upya. Lavi aliketishwa juu ya boksi tupu karibu na spika. Wambua alipoongeza sauti, mtoto alifunika sikio kwa kiganja na kuinamisha kichwa. Nicanor alimwona. Akacheka, akamwambia Wambua kwamba mtoto hajazoea besi.

Walipomaliza, kliniki ilikuwa imefungwa. Nicanor akaingia katika duka la dawa, akaomba dawa yoyote ya matone ya sikio, naye muuzaji akampa bila kumwangalia mtoto. Sella aliporudi jioni na gunia lake la omena, akaona kichupa mezani na risiva mpya chini ya runinga. Lavi akasema walikaa kwa fundi. Nicanor akadakia haraka kwamba walipita kwa fundi baada ya kliniki, na kwamba nesi alitazama sikio, akasema si jambo kubwa.

Sella alishusha pumzi. "Asante, Baba Lavi," alisema. "Nilikuwa na wasiwasi siku nzima."

Nicanor aliinama nyuma ya runinga, akajifanya anapanga waya.

Nyumba ile sasa ikawa ukumbi. Vijana wa ploti, wapangaji wa ua ule, walijazana kutazama mechi, mabati yakitetemeka pamoja na misumari yake. Mwalimu Jael, jirani anayefundisha chekechea, ambaye ukuta wake na wao ulikuwa mmoja, alikuja mara kadhaa kuomba sauti ipunguzwe. Ilipunguzwa, kisha ikapanda tena. Nicanor, ambaye mchana kutwa alikuwa na mashine ya kukata chuma karibu na uso wake, hakuona kama ni kelele.

Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena. Kila harufu iliporudi, Nicanor aliwahi kununua kichupa kingine kabla Sella hajauliza. Angeweza kumpeleka mtoto kliniki na kusema amerudishwa kuangaliwa. Kila wiki alipanga hivyo. Lakini aliogopa nesi angeuliza mbele ya mkewe mtoto alitibiwa lini na wapi, basi akaahirisha, na kadiri alivyoahirisha ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema. Usiku, akimtia Lavi matone, hakupenda kumtazama usoni.

Kisha Lavi akaanza tabia mpya. Alisogea karibu kabisa na spika, akaweka kiganja juu yake, na mkono mwingine ukazungusha kitufe cha sauti kuelekea juu. Vijana walishangilia. Nicanor alijivuna akawaambia, "Huyu ni wangu kabisa. Anapenda besi." Akiitwa kula, Lavi haji. Akitumwa chumvi, analeta sukari. Mama yake alisema mtoto amekuwa mkaidi, na Nicanor naye akasema ni utoto, utaisha.

Jumapili moja baada ya kanisa, Nicanor alikuwa amesimama mlangoni. Lavi alikuwa amechuchumaa kwenye kichochoro akicheza na vifuniko vya chupa, amempa baba yake mgongo. Mkokoteni uliojaa mitungi ya maji ukawa unateremka, mwenye nao akipiga mluzi watu wapishe. Nicanor akamwita mtoto. Akamwita tena kwa sauti kubwa zaidi. Watu wote wakageuka isipokuwa Lavi. Nicanor alichomoka, akamnyakua mkono, mkokoteni ukapita karibu uwachubue. Kwa woga na hasira akamzaba kofi.

Lavi hakulia mara moja. Alimtazama baba yake mdomoni, si machoni, kama anayesubiri mdomo huo useme.

"Baba," akasema, "mbona hukuniita?"

Mwalimu Jael alikuwa amesimama kwake akiyaona yote. Alikuja taratibu, akamwomba Nicanor amwachilie mtoto na asiseme kitu. Akamrudishia Lavi vifuniko vyake. Alipotulia kucheza, Jael akasimama nyuma yake na kumwita kwa sauti ya kawaida. Lavi aliendelea kucheza. Akamwita kwa nguvu. Safari hii mtoto aliinua kichwa, akageuka kulia, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Si mkaidi, Baba Lavi," Jael alisema. "Hasikii. Nilidhani mnajua."

Sella alikuwa ametoka kwenye meza yake ya omena na kuyasikia hayo. Kesho yake hakuuza. Waliondoka wote watatu kwenda hospitali, na njiani Sella alirudia mara kwa mara kwamba kliniki walikosea, kwamba kama yule nesi angetazama vizuri, haya yasingetokea. Nicanor alitembea nyuma yao. Kila lawama aliyotupiwa yule nesi ambaye hakuwepo ilimwangukia yeye, na bado hakufungua mdomo.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alichungulia masikio yote mawili, akampima Lavi kwa vifaa, kisha akauliza usaha ulianza lini na mtoto alipewa dawa gani alipotibiwa mara ya kwanza.

Sella akamgeukia mumewe. "Mwambie, Baba Lavi. Wewe ndiye ulimpeleka."

Nicanor alitazama sakafu. Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini, jina la dawa aliyowahi kuisikia, na angelitaja lingepita. Lakini daktari alikuwa ameshika kalamu, naye akafahamu kwamba atakachosema ndicho mtoto atakachotibiwa nacho.

"Sikumpeleka," alisema. "Nilienda Kawangware kuchukua ile risiva. Dawa nilinunua tu dukani. Hakuna mtu aliwahi kumwangalia sikio."

Sella alimhamisha Lavi kutoka paja lililokuwa upande wa mumewe, akamweka kwenye lile lingine.

Daktari alieleza kwamba ngoma ya sikio la kushoto imetoboka na kuliwa na ugonjwa wa muda mrefu, na sikio hilo huenda lisisikie vizuri tena maisha yake yote. La kulia lilikuwa limeanza kufuata, ila lingeokolewa wakianza matibabu leo. Akauliza pia kama nyumbani kuna kelele nyingi. Nicanor mwenyewe akajibu kwamba zipo, na kwamba ni zake.

Walianza matibabu. Sikio la kulia lilipona. La kushoto limebaki kama alivyosema daktari. Nicanor aliichomoa risiva siku hiyohiyo, na baadaye Wambua akamtafutia mnunuzi, mtu wa kanisa aliyetaka kuitumia ukumbini. Lakini hilo lilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba Sella hakumtuma tena na mtoto peke yake. Hakugombana naye, hakuondoka, alipika na kucheka na majirani kama zamani, lakini kila siku ya kliniki alifunga biashara na kumpeleka Lavi mwenyewe. Nicanor aliomba ruhusa kazini akawafuata, akakaa mwisho wa benchi bila kualikwa.

Sasa Lavi yuko shule, anaketi mbele upande wa kushoto ili sikio zima limwelekee mwalimu. Nicanor naye akimtaka hamwiti tena kwa mbali. Anazunguka mpaka mbele yake, anapiga magoti, ndipo anasema. Wiki iliyopita Lavi alimwuliza kwa nini yeye anapiga magoti na baba za wenzake hawapigi. Nicanor alimweleza yote, polepole, midomo yake ikionekana vizuri. Alipomaliza, Lavi alifikiri kidogo, kisha akauliza kama ile risiva ilikuwa nzuri. Nicanor akasema ndiyo, ilikuwa nzuri sana.

FUNZO

Wapendwa, sijawasimulia haya ili tumcheke Nicanor. Hakuwa mlevi wala mtoro, na hakuna ubaya mtu kutaka sauti nzuri nyumbani kwake. Kosa lake ni kwamba alihesabu matundu ya chombo kwa makini kuliko alivyochungulia tundu la sikio la mtoto wake, kisha akafunika kosa hilo kwa uongo, na uongo ukamzuia kulirekebisha wakati lilipokuwa bado dogo.

Mtoto akitoa usaha sikioni, apelekwe kwa daktari, si dukani. Mtoto asipoitika, tujue kwanza kama anasikia kabla ya kuinua mkono. Tupunguze sauti katika vyumba vyetu vidogo, kwa ajili ya watoto wetu na wa jirani. Na kama kuna jambo uliahidi kumfanyia mtoto na hukulifanya, liseme leo kwa mwenzako. Utaaibika, lakini mtoto atatibiwa mapema.